Siku Niliyojipunguzia Miaka Galu

Kisa hiki nimeona bora nikitoe mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa sababu mwenzangu Athumani amekwisha kukisimulia msikitini, sokoni na kwenye matanga mawili ya watu tusiowajua vizuri, na kila akikisimulia bukta yangu inazidi kupasuka. Aibu niliyoipata ni kubwa ya kutosha, haihitaji kuongezwa. Basi nisikilizeni mimi, na mkicheka chekeni, nimeshazoea, hata mke wangu hucheka mpaka leo akinikuta nimesimama mbele ya kioo.

Mnanijua, mimi ni Hamisi wa Mwabungo. Miaka thelathini na miwili nimefua mashuka ya hoteli moja pale Galu, nikaanza kama dobi wa kawaida nikamaliza nikiwa mkubwa wa madobi, na miaka yote hiyo nilikwenda kazini na kurudi kwa baiskeli yangu ya chuma, hii hii yenye kariya ya mizigo nyuma na kengele mbele. Nilipofika sitini wakanipa birika la umeme na barua ya kunishukuru, nikarudi nyumbani. Hapo bado sikuwa na neno. Neno lilianza baadaye, pale watu walipoanza kunipisha. Nikiingia dukani napewa kigoda, nikibeba ndoo ananipokea mtu, na Ijumaa moja bwana mdogo mmoja akaniletea kiti cha plastiki msikitini ili nisalie nimekaa (sikumwomba kiti, na magoti yangu hayana ila yoyote). Nilikaa kwa adabu, lakini ile hotuba ya Ijumaa sikusikia hata neno moja kwa hasira. Wakati huo nilikuwa na miaka sitini na tatu.

Sasa nikiwa na hasira hizo ndipo nikasikia kwamba kuna mashindano ya baiskeli yanakuja Galu. Mashindano yenyewe si yale ya barabarani mliyoyazoea. Wenyewe wanayaita saiklokrosi, na ukiuliza maana yake utaambiwa ni mbio za baiskeli ambamo pahali pengine baiskeli unaibeba wewe. Wamezungusha kamba kutoka uwanja wa mpira, wakapita kwenye shamba la mikorosho, wakashuka mpaka mchangani pwani, wakapanda kwenye mawe, wakavuka kijito cha matope, halafu wakapiga mbao tatu za kufika magotini, kwamba ukifika hapo ushuke, uitie baiskeli begani, uruke mbao, upande tena uendelee. Watu wazima wenye kazi zao Nairobi wanasafiri mpaka huku kwa ajili ya hayo. Na walisema kwamba mkaazi wa Kwale atakayemaliza wa kwanza, hata kama mbele yake wametangulia wageni ishirini, atapewa baiskeli mpya ya gia iliyotolewa na wenye hoteli.

Nikaenda kujiandikisha siku ya Alhamisi. Mezani alikuwapo binti mmoja wa bara anaitwa Njeri, mchangamfu, ana daftari lake na kalamu mbili. Sijafika hata karibu akanisemesha: "Guka, karibu. Wewe uko kwa kundi la wazee, hamsini na kuendelea. Mnazunguka mara mbili tu, halafu kuna chai."

Guka kwa lugha ya kwao ni babu. Alisema kwa mapenzi, najua, lakini mimi lile neno liliniuma, na ile chai ndiyo iliyoniua kabisa. Nikamwambia mimi si wa kundi hilo. Akaniuliza nina miaka mingapi, na hapo ndipo nilipofanya kile kitu kidogo kilichozaa vyote vingine. Kama ningetaka tu kuliepuka kundi la wazee ningeweza kusema arubaini na tisa, lakini nikaona arubaini na tisa ni umri wa mtu anayesema uongo. Nikasema arubaini na nne.

Njeri akazitazama ndevu zangu, ambazo wakati huo zilikuwa nyeupe kama pamba, akanitazama machoni, akaandika. "Sawa, guka," akasema, akanipa namba thelathini na moja katika kundi la vijana, mizunguko mitano.

Nilipofika nyumbani ndipo nikatambua kwamba nimeshaitaja ile miaka arubaini na nne, lakini sina sura ya kuivaa. Ijumaa nikaenda Ukunda nikanunua rangi ya nywele, ile ya unga unakoroga mwenyewe, na karatasi yake imeandikwa uiache dakika ishirini. Mimi nikahesabu kwamba mtu wa ndevu kidogo dakika ishirini, na mimi nina ndevu nyingi, basi nikaiacha tangu alasiri mpaka magharibi. Zikawa nyeusi. Ngozi chini yake pia ikawa nyeusi, na mdomo wa chini ukashika kidogo. Mke wangu Mwanasiti alipoingia akasimama mlangoni, akaniuliza kama nimekula makaa. Nikamwambia najitengeneza kwa ajili ya Idi. Akasema Idi imepita wiki tatu, akaenda zake jikoni, na sikusikia tena sauti yake ila kicheko.

Jumamosi nikarudi Ukunda kwenye mitumba kutafuta nguo, maana nilikuwa nimeona picha za hao waendesha baiskeli na wote huvaa bukta nyeusi za kubana zenye sponji makalioni. Muuzaji alinivutia moja kwa mikono miwili kunionyesha inavyonyooka, akaapa kwamba inamfaa mtu yeyote. Nikaamini. Nilipoijaribu chumbani kwangu mlango nikiwa nimeufunga kwa komeo, iliingia, lakini tulisumbuana. Nikijitazama nikaona mapaja yangu nje, mapaja ya mtu ambaye ameswali miaka hamsini hajapata kuyaonyesha hata ufukweni, na nafsi ikaniambia vua. Sikuvua. Nikafunga kikoi juu yake na nikajiambia kikoi nitakitoa dakika ya mwisho.

Jumapili asubuhi uwanja ulijaa. Nilitazamia watu thelathini, wakaja watu mia tatu, maana walikuwa wameleta spika kubwa na mtangazaji mwenye sauti ya kufika Mwabungo, na kando ya mikorosho akina mama wamepanga meza za mahamri na viazi karai, na miongoni mwao shemeji yangu, dada yake Mwanasiti. Athumani naye alikuwapo, anauza madafu. (Kwa asiyemjua, Athumani ni mwenzangu tangu utotoni, tumetiwa jando pamoja, na alikuwa mtunza bustani hoteli ile ile niliyokuwa nikifua. Hana siri tumboni, lakini hana ubaya.) Alipoziona ndevu zangu akanitazama mara mbili, kisha akanipa dafu.

Waliotoka Nairobi walikuwa na baiskeli unaweza kuzinyanyua kwa vidole viwili, na miguu wamenyoa. Mtu mzima amenyoa miguu, namtazama, yeye ananitazama ndevu. Wenyeji tulikuwa wachache, na karibu yangu alisimama kijana mmoja anaitwa Bakari, mchuuzi wa samaki kutoka Bodo, ambaye kila siku hupakia samaki kwenye baiskeli na kuwapeleka Msambweni. Baiskeli yake ni ya chuma kama yangu, ila yeye alikuwa ameitoa kariya, ameitoa bamba la matope, ameitoa na kengele. Mimi sikuwa nimetoa kitu. Akaniamkia shikamoo kama inavyompasa. Nikamwambia asiniamkie hivyo, hapa sote ni vijana. Akasema haya, lakini nikaona hakujua aniite nani tena.

Nikatoa kikoi, nikakiweka kwenye hema la washindani pamoja na kanzu yangu, ng'ambo ya mstari wa kumalizia. Kikumbukeni kikoi hicho mahali kilipo. Filimbi ikapulizwa.

Mzunguko wa kwanza, sisemi uongo, nilikwenda vizuri. Mteremko wa kuelekea pwani naujua tangu nikiwa mtoto, nikawapita watu wawili waliokuwa wakiogopa mizizi, na kengele yangu ikawa inalia yenyewe kila nikiruka shimo, watu wanashangilia, mtangazaji anasema mwenyeji huyo na honi yake. Nikaona kumbe mimi bado kijana. Nilipofika kwenye zile mbao nikashuka, nikainyanyua baiskeli niitie begani, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba miaka thelathini na miwili baiskeli hii imenibeba mimi na sijapata kuibeba mimi hata siku moja. Ni nzito kama mtu aliyelala. Nikairusha mbao ya kwanza, nikaivuta ya pili, ya tatu tukaanguka pamoja.

Mzunguko wa pili ulikuwa wa mchanga na matope na kumwomba Mungu. Jasho likaanza kushuka, nikaona fulana nyeupe tuliyopewa inapata madoa kifuani, nikadhani ni matope. Vijana wakaanza kunipita, si waliokuwa nyuma yangu, bali wale waliokuwa wamenizunguka mara nzima na sasa wananikuta tena. Wa Nairobi wawili wakapita wakisema, "Kushoto, mzee." Hilo nalo likaniuma, kwamba nimeshinda alasiri nzima na rangi usoni na bado wananiita mzee, mpaka nilipofikiri kwamba wananiona kwa kisogo, na kisogo sikukitia rangi. Baadaye kidogo akapita Bakari, anapumua kama mtu anayepasua kuni. Yeye alisema, "Samahani, baba," akapita taratibu asinirushie matope. Hilo neno mlishike, kwamba Bakari alinipita, na alijua kwamba amenipita.

Mzunguko wa tatu, kwenye mbao zile zile, nikashuka, nikavuka, nikarusha mguu kupanda tena. Mguu ukagonga kariya. Nikaurusha kwa nguvu zaidi, na bukta ikanasa kwenye ncha ya kariya, nikasikia nyuma yangu mlio mrefu kama wa shuka la hoteli linalochanwa (na mimi mlio huo naujua). Nikapeleka mkono. Pale palipopaswa kuwa na kitambaa hapakuwa na kitambaa, palikuwa na upepo, na sponji lote limetoka nje linaning'inia kwa uzi. Athumani huwaambia watu lilikuwa kama mkia wa kondoo. Mimi sikuliona, namwachia.

Nikajitupa kwenye mikorosho na baiskeli yangu nikajificha. Mashindano kwangu yalikuwa yamekwisha, hilo nalisema wazi na Mungu shahidi, niliamua pale pale kwamba nimejitoa. Shida ilikuwa moja tu, kikoi changu kilikuwa hemani. Nikienda kwa miguu upande wa kulia, kuna akina mama wa mahamri na shemeji yangu katikati yao. Upande wa kushoto kuna watu wa spika. Njia pekee ambayo nyuma yangu isingeonekana ni kukaa juu ya tandiko la baiskeli, nikafunika mpasuko kwa tandiko lenyewe, niendeshe polepole mpaka hemani kisha nijifunge kikoi. Na njia ya kufika hemani ilikuwa na kamba pande mbili, na ilipita juu ya mstari wa kumalizia.

Nikasubiri. Nilikaa chini ya mkorosho ule muda mrefu kuliko nilivyodhani, kwa sababu nilisikia watu wakipiga kelele, wale wawili wa Nairobi wanamaliza mmoja baada ya mwingine. Nikatazama njiani sikuona mtu. Nikasema sasa, nikapanda, nikakaa vizuri, nikatoka. Sikujua kwamba aliyekuwa nyuma yangu, hatua mia hivi, ni Bakari, ambaye alikuwa anakuja wa tatu katika mashindano yote na wa kwanza katika wenyeji, juu ya baiskeli ya samaki.

Nilipotokeza uwanjani watu wakanguruma. Mtangazaji akapagawa, akasema mwenyeji wa kwanza huyo, namba hata haionekani kwa matope, ni wetu huyo, ni wa Kwale. Watu wakazitikisa kamba kwa mikono. Nikavuka mstari.

Wenzangu, hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ni maneno mawili tu, mimi nimejitoa, na kama ningeyasema watu wangecheka kidogo, ningepewa kikoi changu, ningekwenda nyumbani. Lakini jamani, watu mia tatu wananishangilia, watu wale wale ambao wiki nzima walikuwa wananiletea viti. Nikainua mkono.

Bakari akavuka nyuma yangu, akaanguka majanini pamoja na baiskeli yake. Alipoinuka akanikuta nimeshikwa mabega na watu wananipongeza. Akanitazama, akatazama namba yangu, nami nikamwona anafikiri. Alijua. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha, lakini hakulitoa. Amelelewa asimkanushe mtu aliye sawa na baba yake mbele ya watu, akanyamaza kwa adabu, na mimi niliyemkataza asubuhi asiniamkie kama mzee nikaitumia adabu ile ile aliyopewa kwa ajili ya wazee. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo nisilolicheka hata leo.

Wakanipandisha juu ya kreti za soda zilizofunikwa zulia. Nikasimama nimeupa mgongo ukuta wa bango lao, nimebana kabisa, na kila aliyetaka kunigeuza kwa picha nikamwambia upande huu jua ni zuri. Ile baiskeli mpya ikaletwa, ya buluu, na utepe. Mtangazaji akaniuliza siri ya ushindi wangu. Nikamwambia ni mazoezi na kutokula ovyo. (Nilisema hivyo. Watu wanayo kwenye simu.) Akaniuliza umri wangu nikasema arubaini na nne, watu wakapiga makofi. Njeri akaja na taulo lenye maji ili nijifute matope kwa ajili ya picha, nami kwa furaha nikajifuta uso mara moja, kwa nguvu, kuanzia sikio la kulia mpaka kidevuni. Taulo likageuka jeusi. Upande wa kulia wa ndevu zangu ukabaki mweupe. Njeri akalitazama taulo, nikamwona analifungua daftari lake.

Bado ningeweza kuponea hapo, watu wa mbali hawakuona. Lakini Athumani alikuwa ameona mwenzake amekuwa bingwa, na furaha ikamshinda. Akapanda na panga lake la madafu mkononi, akamwomba mtangazaji kipaza sauti, na mtangazaji, kwa kuliona lile panga, akampa.

"Nyinyi mnamwita huyu kijana," Athumani akasema, na sauti yake ikaenda mpaka baharini. "Hamisi nimetiwa jando naye siku moja, ngariba mmoja, na tumeuguzwa kibanda kimoja. Mimi nina miaka sitini na tatu. Sasa nataka mmpigie makofi ya mtu wa miaka sitini na tatu aliyewapita watoto wenu."

Alisema kwa kunitukuza, maskini. Kisha akanikumbatia, na Athumani akikukumbatia hukuzungusha, akanizungusha, nikageuka, watu mia tatu wakaona kile nilichokuwa nimekificha kwenye bango. Sitaeleza kicheko kile. Shemeji yangu alikuwa mstari wa mbele na mtandio mdomoni. Mzungu mmoja akavua koti lake la mvua akanifunga kiunoni, Mungu amlipe, na wakati ananifunga Njeri akapanda na daftari.

Hakupiga kelele wala hakunivunjia heshima. Aliniinamia karibu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Guka, ulizunguka mara ngapi?" Kwenye daftari lake namba thelathini na moja ilikuwa na alama mbili za mizunguko na ile ya kumaliza, basi. Nikamtazama Bakari, alikuwa amesimama chini ya kreti, ameishika baiskeli yake ya samaki, anatazama chini. Nikaona kwamba mtu huyu ataiacha baiskeli iende bila kusema, na ataamka kesho apakie samaki kwenye ile ya zamani.

"Tatu," nikasema. "Mara tatu. Aliyeshinda ni huyu."

Nilidhani nimemwambia Njeri peke yake. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Athumani, na mkono wa Athumani ulikuwa bado begani kwangu. Ile tatu ilitoka kwenye spika zote mbili.

Safari hii hawakucheka mara moja. Kwanza waligeuka wakamtazama Bakari. Halafu wakacheka. Bakari akapandishwa, akapewa baiskeli, na kabla ya kuishika akanigeukia mimi, nimefungwa koti la mzungu, ndevu nusu nyeusi nusu nyeupe, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mzee." Alisema kwa heshima kamili, bila kejeli hata chembe. Nikaitikia kwa kichwa.

Nyumbani nilimkuta Mwanasiti amekaa barazani na bakuli la ndimu na kipande cha sabuni, tayari. Nikamwuliza nani aliyemwambia. Akasema hakuambiwa na mtu, spika zilikuwa zinasikika vizuri, na tangu Athumani alipotaja jando alijua siku imeharibika. Akanisugua ndevu mpaka maji yakawa kama ya pweza. Wakati ananisugua akaniambia kwamba kuhusu nguo hana neno, nguo hupasuka, lakini yule kijana wa watu niliyemnyamazia juu ya kreti, huyo nimwendee kwao.

Siku tatu sikutoka. Kikundi cha simu cha msikiti wetu, ambacho kwa kawaida hutangaziwa vifo na michango ya paa, kilikuwa na picha zangu tu. Siku ya nne nikapanda baiskeli yangu, nimevaa suruali ya kitambaa na kanzu juu yake, nikaenda kusini, nikapita Msambweni, mbele kidogo nikakata kushoto mpaka Bodo. Nikauliza kwao Bakari nikaonyeshwa.

Bakari mwenyewe hakuwapo, alikuwa amekwenda na samaki, kwa baiskeli mpya. Nilimkuta mama yake, Bi Fatuma, anakaanga samaki nje. Nikapiga hodi, nikajitaja, mimi ni Hamisi wa Mwabungo, wa mashindano ya Galu. Yule mama akaacha kijiko kwenye mafuta, akaja akanishika mikono miwili. Akasema mwanawe alimweleza kila kitu, kwamba mzee mmoja alikuwa amepewa baiskeli ile, akamwona yeye anaihitaji zaidi, akaiachia. Akaniombea dua ndefu, mimi na watoto wangu na waliotangulia. Kisha akachukua mfuko akanitilia samaki wa kukaanga, tasi wanne na changu mmoja mkubwa, akaufunga, akanipa.

Nikasimama pale na mfuko mkononi unanichoma vidole. Bakari alikuwa amenisitiri mpaka kwa mama yake mzazi. Hapakuwa na daftari wala kipaza sauti wala Athumani, ningeweza kusema ahsante nikaondoka na hakuna mtu Bodo nzima ambaye angejua. Nilifika mpaka mahali pa kugeuza baiskeli. Nikarudi.

"Mama," nikamwambia, "mwanao amenifunika. Mimi sikumwachia. Ilikuwa yake, na nilikaa kimya nikataka kuichukua, mpaka nilipokamatwa."

Nikamweleza yote, miaka, rangi, mikorosho, kreti. Bukta nilipita juu juu. Alinisikiliza mpaka mwisho, samaki wanaungua nyuma yake na hakugeuka. Nilipomaliza akanyoosha mkono akauchukua mfuko, akaufungua, akamtoa yule changu, akamrudisha kwenye sinia lake. Akaufunga mfuko tena kwa fundo lile lile, akanirudishia na wale tasi wanne.

"Chai unakunywa, kaka?" akaniuliza.

Nikanywa. Sina ninalomlaumu, hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Na tangu siku ile nimejiapiza, nikiandikishwa popote, iwe hospitali au kamati ya maji, naandika miaka yangu yote kwa tarakimu na kwa maneno, na asiponiuliza mtu namtajia.